Mboga Zetu na Watoto Wetu: Penye Miti Hapana Wajenzi

Hata asiyepata kufika Mbeya na Iringa anazijua nyanda hizo kwa neema zinazoteremka kutoka huko: mbatata za Uporoto, mchele wa Kyela, maparachichi ya Rungwe. Na sisi wa Visiwani, tunaponunua kabichi na karoti pale Darajani, mara nyingi twala jasho la mkulima wa Bara.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba palipo na neema hiyo ndipo watoto wanapodumaa zaidi. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, hali wastani wa nchi nzima ni 30. Wahenga walisema kweli: penye miti hapana wajenzi.

Ikumbukwe kwamba ni huko huko Iringa ambako TANU ilitoa Azimio la Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Wananchi waliitika, wakalima. Lakini kujaza ghala ni jambo moja, na kumlisha mtoto ni jambo jingine. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito, na wanakijiji wenyewe wakakaa kujadili sababu. Ilidhihirika kwamba mama hushinda shambani, na mtoto hulishwa mara chache mno, tena uji mzito wa mahindi matupu. Tumbo dogo hujaa kabla mwili haujapata haja yake. Ndipo ukahimizwa unga wa kimea, unaolainisha uji ili mtoto ale zaidi. Utapiamlo mkali ulipungua sana.

Miaka hii imeingia desturi ya kusaga mboga za majani pamoja na matunda, kikapatikana kinywaji cha kijani. Wako wanaoibeza kuwa ni anasa ya wenye umeme. Sisi hatukubaliani nao. Hekima yake ni ile ile ya kimea: kumlainishia mlaji kile anachokikataa kikiwa kizito. Mtoto anayeusukuma mchicha pembeni mwa sahani huunywa bila ubishi ukichanganywa na ndizi mbivu.

Namna yake ni nyepesi. Twaa konzi moja ya mchicha, uuoshe kwa maji safi, uutie katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha uutoe. Changanya na ndizi mbivu, nusu ya parachichi na maji ya limau, ongeza maji yaliyochemshwa, usage. Asiye na blenda anacho kinu. Parachichi lina mafuta yanayousaidia mwili kupokea vitamini A. Limau husaidia kupokea madini ya chuma. Sukari haina kazi hapo, wala usichuje makapi, maana ndiyo yenye faida. Kinywewe mara moja, kisilazwe.

Lakini hadhari ni lazima. Kisamvu kibichi kina sumu. Hakina budi kutwangwa na kupikwa barabara. Mnafu nao ni wa kupikwa. Na mtoto asiyetimiza miezi sita asipewe chochote ila maziwa ya mama.

Wala asidanganyike mtu kwamba gilasi moja ya kijani itaondoa udumavu. Udumavu huanza tumboni mwa mama aliyechoka na asiyeshiba. Mtoto anahitaji pia maharage, dagaa, mayai na maji salama. Na mama anahitaji kupunguziwa mzigo. Baba anayeuza gunia zima la mbatata na kurudi nyumbani bila hata yai moja asimlaumu mkewe.

Kwa hiyo viongozi wa vijiji huko Bara na masheha huku Visiwani wanao wajibu. Siku ya afya na lishe ya kijiji isiwe ya kupima watoto na kuandika daftari tu. Paletwe kinu, mchicha na ndizi, akina mama na akina baba waonyeshwe kwa vitendo. Bustani ya mchicha nyuma ya nyumba haingojei bajeti. Tuliambiwa tulime, tukalima. Sasa tuhakikishe kwamba kilicholimwa kinafika kinywani mwa mtoto.