Jedwali la Sudoku na Shamba la Mahindi la Ufipa

Wengi wakiliona fumbo la Sudoku gazetini hugeuza ukurasa, wakidhani ni hesabu. Si hesabu. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ondoa namba zote, weka herufi au majina ya mbegu za mahindi mahali pake, na fumbo litabaki lilelile. Mfano wa mbegu nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu jedwali la namna hii lilijulikana kwa watafiti wa kilimo kabla ya wasomaji wa magazeti.

Sumbawanga, mkoani Rukwa, ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za Ufipa zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mashamba mengi huko hulala kwenye miteremko. Juu, mvua imechukua rutuba. Chini, unyevu unakaa. Na pale palipokuwa na kichuguu, mahindi hunenepa kuliko ya jirani. Sasa mtu anataka kulinganisha mbegu nne, zikiwemo chotara za kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kama UH615 na UH6303. Akipanda moja bondeni na nyingine kileleni, anachopima ni udongo, na mkulima atakayefuata ushauri wake atalipia kosa hilo msimu mzima.

Dawa yake ni kuligawa shamba vipande 16, kila mbegu itokee mara moja tu katika kila safu mlalo na kila safu wima. Majedwali ya namna hiyo mwanahisabati Leonhard Euler aliandika juu yake mwaka 1782. Ronald Fisher, aliyekuwa mtakwimu wa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliyaeleza kwa watafiti katika kitabu chake cha mwaka 1925, akisisitiza kwamba mpangilio uchaguliwe kwa kura ili mtafiti asiipendelee mbegu yake. Mwaka 1956 Mjerumani W. U. Behrens akaongeza sharti la tatu: kila mbegu itokee mara moja pia katika kila eneo dogo la shamba, ili hata kile kichuguu kisimdanganye mtu. Masharti hayo matatu ndiyo Sudoku. Miaka 23 baadaye Howard Garns, msanifu majengo wa Marekani, alibuni fumbo la gazetini. Kampuni ya Nikoli ikalieneza Japani kuanzia 1984, na mwaka 2004 likaingia The Times la London.

Anayeanza asikimbilie jedwali la vyumba 81. Aanze na hili la 16, lenye namba 1 hadi 4, na robo nne za vyumba vinne vinne:

1 – – 4
– – 1 –
– 1 – 3
4 – 2 –

Tazama robo ya chini kulia. Ina 3 na 2, imekosa 1 na 4. Safu wima ya mwisho tayari ina 4 kule juu, kwa hiyo chumba cha pembeni kabisa chini ni 1, na 4 inakwenda chumba cha tatu cha mstari wa tatu. Mstari huo sasa una 1, 4 na 3. Chumba chake cha kwanza ni 2. Mstari wa mwisho nao umebakiza 3 peke yake. Endelea kupanda juu, vyumba vilivyobaki vitajaa bila kubahatisha hata mara moja.

Sasa ifute ile 4 ya mstari wa mwisho, uanze upya. Utafika mbali, kisha vyumba vinne vya upande wa kushoto vitakataa kuamua: 3 na 4 zinaweza kubadilishana nafasi, na majibu yote mawili ni halali. Hapo ndipo utamu wa somo hili ulipo. Namba moja tu ndiyo iliyotenganisha ushahidi unaotosha na usiotosha. Kwa jedwali la vyumba 81, Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta mwaka 2012 kwamba lazima ziwepo tangu mwanzo namba 17 au zaidi ili jibu liwe moja.

Ukihamia jedwali kubwa, anza na namba iliyojitokeza mara nyingi, uitafutie eneo dogo ambalo limebakiwa na nafasi moja. Ukikwama, andika kwa penseli, kwa maandishi madogo, namba zote zinazowezekana katika chumba, kisha uzifute moja moja kila unapopata sababu. Usiandike namba kwa sababu inaonekana kufaa.

Walimu wa hisabati wa Rukwa, jaribuni hili darasani: chaki, sakafu, na punje za mahindi, maharage, ulezi na alizeti badala ya namba. Wanafunzi wenu wengi wameshika jembe tangu utotoni, na swali la mbegu ipi ipandwe wapi wanalijua tayari.