Majukwaa ya Muda Viwanjani na Usalama wa Wanaoyakalia

Jukwaa la muda, yaani jukwaa la watazamaji linaloungwa kwa vipande vya chuma, aluminiamu na mbao bila kumwagiwa zege, na ambalo hufunguliwa na kupakiwa kwenye malori mashindano yakimalizika, limekuwa sehemu ya kawaida ya michezo mikubwa duniani, kuanzia gofu na mbio za magari hadi Olimpiki na Kombe la Dunia. Aina zake ni nyingi: yapo mabenchi ya ngazi tatu au nne yenye magurudumu, ambayo huvutwa na gari hadi kando ya uwanja wa shule, zipo safu za viti zinazokunjwa na kusukumwa ukutani katika kumbi za ndani, na yapo majukwaa makubwa yanayobeba maelfu ya watu juu ya msitu wa mabomba. Aina hii ya mwisho ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa kwa nchi zisizotaka kujenga viwanja vitakavyokaa bure, na ndiyo iliyoua watu pale iliposimamishwa kwa haraka.

Jukwaa la namna hiyo linaweza kusimama kwa wiki mbili tu, lakini katika dakika tisini za mchezo hubeba uzito uleule ambao lingebeba jukwaa la zege. Chini kabisa huwekwa mbao nene za kutandaza uzito, na juu yake kitako cha chuma chenye jeki ya skrubu, ambayo huzungushwa ili kusawazisha jukwaa mahali ambapo ardhi haiko sawa. Kutoka hapo hupanda nguzo za bomba, zinazoshikwa kwa mabomba ya mlalo na kukazwa kwa mabomba ya mshazari, yaani yale yanayokatiza kutoka pembe moja hadi nyingine na kuzuia kiunzi kisilale upande. Juu ya kiunzi hicho hulazwa boriti zenye umbo la ngazi, kisha sakafu, viti, na vizuizi vya pembeni na nyuma. Viungo vingi hukazwa kwa kabari inayogongwa kwa nyundo au kwa pini inayochomekwa, na vingine kwa bolti na nati, ndiyo maana kazi ambayo kwa zege ingechukua miezi mingi huweza kumalizika kwa siku chache.

Ugumu wa kwanza uko ardhini. Viwango vya Ulaya vya kukadiria mizigo ya majengo vinataka sehemu zinazoweza kujaa umati zihimili kuanzia takribani kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Nguzo moja ikibeba eneo la mita mbili na nusu kwa mita mbili na nusu, maana yake ni kwamba hubeba zaidi ya tani 3, na uzito huo wote hushukia kwenye kitako chenye upana wa sentimita 15 kila upande, sawa na karibu kilo 14 kwa kila sentimita moja ya mraba, kiasi ambacho udongo wa kawaida wa uwanja wa mpira hauwezi kukihimili. Kitako hicho kikikaa juu ya ubao mnene wenye upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 1, mgandamizo unapungua hadi chini ya kilo 2. Ubao ambao mpita njia huuona kama mabaki ya ujenzi ndio unaozuia nguzo isizame, na mvua ya usiku mmoja inaweza kuudhoofisha udongo kiasi kwamba hesabu yote lazima irudiwe asubuhi.

Kosa la kupuuza ardhi ni la kale sana. Mwaka 27 baada ya Kristo, katika mji wa Fidenae karibu na Roma, mtu mmoja aitwaye Atilius, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru, alisimamisha uwanja wa mbao kwa ajili ya mapambano ya watu wenye silaha, na uwanja huo ukaporomoka ukiwa umefurika watazamaji. Mwanahistoria Tacitus anataja watu 50,000 waliouawa au kujeruhiwa. Suetonius anataja zaidi ya 20,000 waliokufa, na hata kama takwimu za waandishi wa zama hizo huwa zimetiwa chumvi, sababu alizozieleza Tacitus zingeweza kuandikwa katika ripoti ya mhandisi wa leo: msingi haukuwekwa juu ya ardhi imara, maungo ya mbao hayakukazwa vya kutosha, na mjenzi alikuwa akitafuta faida tu. Baraza la Seneti lilimfukuza Atilius, likaagiza kwamba hakuna uwanja utakaojengwa kabla ardhi yake haijathibitishwa kuwa imara, na kwamba mwandaaji wa michezo hiyo sharti awe na mali isiyopungua sesteri 400,000, ili asipate kisingizio cha kubana matumizi kwa kuhatarisha roho za watu.

Jambo la pili ni la kumwezesha mtazamaji kuona, na hapa hesabu ni ndogo lakini haina msamaha. Tuchukue mtazamaji aliye mita 12 kutoka mstari wa pembeni, macho yake yakiwa mita 3 juu ya mstari huo, na nyuma yake, umbali wa sentimita 80, ameketi mwenzake. Safu ya nyuma ikiinuliwa sentimita 20 tu, mstari wa macho ya yule wa nyuma unapita palepale penye macho ya aliye mbele, kwa hiyo paji la uso la jirani linamficha mpira. Ikiinuliwa sentimita 30, mstari huo unapita sentimita 9 juu ya macho, na wahandisi huihesabu nafasi hiyo kuwa nzuri. Mjenzi anayepunguza mwinuko ili kuokoa chuma huwalazimisha watu kusimama juu ya viti, na watu wakisimama hivyo, jukwaa linapokea mizigo ambayo halikupangiwa.

Mizigo hiyo si ya kushuka chini peke yake. Umati unaoruka kwa mdundo mmoja wa wimbo huruka takribani mara mbili kwa sekunde, na kila chombo kilichojengwa kina kasi yake ya asili ya kutikisika. Kasi hizo mbili zikikaribiana, kila mruko huongeza mtikisiko wa mruko uliotangulia, na jukwaa linayumba kuliko ambavyo uzito wa watu peke yake ungeliyumbisha. Jukwaa la muda, kwa kuwa ni jepesi na lina viungo vingi, liko katika hatari zaidi ya hali hiyo kuliko la zege. Ndiyo sababu wahandisi huhesabu pia nguvu za upande, zinazotokana na watu kuyumba pamoja na upepo unaopiga ukuta wa nyuma, na ndiyo sababu mabomba ya mshazari, ambayo fundi mchovu huona kuwa yanampotezea muda, hayapaswi kamwe kupunguzwa hata moja.

Yaliyotokea Furiani, nje kidogo ya mji wa Bastia katika kisiwa cha Corsica, yanaonyesha yote haya kwa pamoja. Bastia ilikuwa icheze na Olympique de Marseille katika nusu fainali ya Kombe la Ufaransa tarehe 5 Mei 1992, na kwa tamaa ya kuingiza watu wengi zaidi, jukwaa la zamani lilibomolewa na mahali pake likainuliwa, katika muda wa siku zisizofika hata wiki mbili, jukwaa la mabomba lenye nafasi za watu wapatao 10,000. Jioni hiyo mafundi walikuwa bado wakikaza viungo chini ya umati uliokwisha kuketi, na tangazo la kipaza sauti liliwaomba mashabiki wasipige miguu. Kabla mchezo haujaanza, sehemu ya juu ya jukwaa iliporomoka. Watu wasiopungua 18 walikufa na zaidi ya 2,300 walijeruhiwa. Fainali ya mwaka huo haikuchezwa, sheria ya Julai 1992 ikaanzisha utaratibu wa kuidhinisha viwanja rasmi kabla ya kutumiwa, na tangu mwaka 2021 sheria inazuia mechi za ligi mbili za juu za Ufaransa kuchezwa tarehe 5 Mei. Tangazo lile la kuwaomba watu watulie linatosha kuonyesha kwamba hofu ilikwishakuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kuwatoa watu jukwaani.

Pale kazi inapofanywa kwa uangalifu, manufaa ni makubwa. London, katika Olimpiki ya mwaka 2012, iliweka viti 15,000 vya mpira wa wavu wa ufukweni katikati ya mji, kwenye uwanja wa Horse Guards Parade, kisha ikaviondoa vyote. Jengo la kuogelea lilikuwa na nafasi 17,500 zilizobaki takribani 2,500 baada ya mabawa mawili ya muda kufunguliwa. Mwaka 2024, kwa ajili ya Kombe la Dunia la kriketi la T20, uwanja wa watu 34,000 ulisimamishwa ndani ya miezi mitatu hivi katika bustani ya Eisenhower, jimbo la New York, sehemu ya majukwaa yake ikiwa imetoka kwenye mbio za magari za Las Vegas, na mashindano yalipokwisha ulifunguliwa. Doha nayo ilijenga Uwanja wa 974, wenye viti vipatavyo 44,000, kwa kiunzi cha chuma na makontena 974 ya meli, idadi iliyo sawa na namba ya simu ya kimataifa ya Qatar.

Hata hivyo, kinachoweza kufunguliwa si lazima kifunguliwe, wala si lazima kiwe rahisi kwa bei. Uwanja wa Doha ulitangazwa kuwa utabomolewa baada ya Kombe la Dunia la 2022, lakini Desemba 2024 ulikuwa bado unachezewa mechi za Kombe la Mabara la FIFA. Uwanja mkuu wa London uliopangwa kupunguzwa kutoka viti 80,000 hadi 25,000 ulibadilishiwa matumizi, na kuugeuza uwe wa soka na riadha kuligharimu zaidi ya pauni milioni 300, huku viti vya chini vinavyosogezwa vikiendelea kuwa mzigo wa fedha kila msimu.

Tanzania, Kenya na Uganda, zilizopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, zimechagua kujenga na kukarabati viwanja vya kudumu, na kwa mashindano ya ukubwa huo uamuzi huo unaeleweka. Mahali ambapo majukwaa ya muda yangefaa zaidi ni kwenye michezo inayohama, kama ile ya shule za sekondari za Tanzania, UMISSETA, ambako mamia ya wanafunzi husimama juani wakisukumana kwenye chokaa ya mstari wa pembeni. Seti chache za ngazi tano, zenye vizuizi vya nyuma na mbao za kutosha za kuweka chini ya nguzo, zingeweza kupakiwa kwenye lori na kufuata mashindano kutoka mkoa hadi mkoa. Gharama yake isihesabiwe kwa chuma peke yake: ndani ya bei hiyo iwemo mishahara ya mafundi waliofunzwa, siku za kutosha za kuunga na kukagua, na malipo ya mhandisi asiye mwajiriwa wa mkandarasi, ambaye hukagua kila kabari na kila ubao kabla ya geti kufunguliwa, hurudia ukaguzi huo mvua ikinyesha, na ambaye sahihi yake ikikosekana hakuna anayepanda.