Mchana kazini, jioni Beethoven: okestra ya Kinshasa

KINSHASA – Okestra nyingi za Ulaya zinapotangaza msimu wa maonyesho, wapigaji huwa na mishahara, vyombo na ukumbi. Hapa Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste hujiandaa kwa njia ambayo mfanyabiashara wa mpakani ataielewa mara moja: mtaji mdogo, muda mchache na kuaminiana.

Okestra hii ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwasisi wa kanisa la Kimbangu. Diangienda alikuwa rubani. Alipopoteza kazi, alijifunza muziki mwenyewe, kisha akaanza kufundisha waumini wachache. Fidla hazikuwatosha, hivyo walipokezana: mmoja akimaliza zamu, mwenzake anashika. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulitumika badala yake. Besi kubwa ilipokosekana, fundi wao alifungua moja vipandevipande, akapima na kuchonga nyingine.

Leo wapigaji na waimbaji ni takriban 200. Wengi hutafuta riziki mchana, wakiwamo wachuuzi, mafundi umeme na wasusi, kisha jioni huenda mazoezini. Kwa miaka mingi wamecheza bila mshahara. Kwa hiyo kila zoezi lina gharama: nauli ya mfukoni na saa ambazo mtu angeuza bidhaa.

Kazi wanazochagua nazo si nyepesi. Simfoni ya Tisa ya Beethoven huchukua zaidi ya saa moja na huhitaji kwaya kubwa. Wanakwaya waliozoea Kilingala na Kifaransa walilazimika kujifunza kutamka Kijerumani. Maandalizi hayo yalionekana katika filamu ya *Kinshasa Symphony* ya mwaka 2010. Mwaka 2014 okestra ilikwenda kucheza Uingereza.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kinshasa ni mji mkubwa kuliko yote katika soko hili. Nyuzi za fidla na vipuri vya tarumbeta bado hutoka nje, huchakaa kila msimu na hupita forodhani kama bidhaa nyingine. Vikichelewa, mpigaji aliyejinyima mauzo ya jioni nyingi hukaa bila chombo siku ya onyesho.