Ukitaka gari kuukuu, anzia uvunguni

Huko Marekani, wengi hutamani kununua Pontiac GTO, gari la injini ya silinda nane lililoanza na modeli ya 1964, walifufue wenyewe nyumbani. Lakini wako wanaoponzwa na rangi mpya.

Kwanza, ingia uvunguni ukague kutu. Injini mbovu hufunguliwa ikaundwa upya, lakini fremu iliyooza yaweza kumeza pesa kushinda bei ya gari lenyewe.

Pili, soma nambari ya chesisi. Kwa GTO halisi za 1966 hadi 1971, huanza na 242. Isipokuwa hivyo, huenda unauziwa Tempest au LeMans iliyovishwa nembo tu.

Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.