Beni: Kukodi programu na nafasi ya data, wafanyabiashara wa Bungulu waulize nini kwanza?

Katika mtaa wa Bungulu, mjini Beni, duka linaloandika madeni ya wateja ndani ya daftari moja ao ordinateri moja linaweza kupoteza yote siku moja: moto, wizi ao kukimbia vita kwa ghafula.

Njia nyingine ni kukodi. Mwenye duka hanunui mashine kubwa. Analipa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na hesabu zake zinatunzwa katika mashine za kampuni ya mbali. Anazifungua kwa intaneti, akiwa Bungulu, Butembo ao Kasindi. Ordinateri ikiibiwa, anachukua ingine, anaingiza neno la siri, kazi inaendelea.

Amazon ilianza kukodisha nafasi hiyo mwaka 2006. Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon nayo ikafika Cape Town mwaka 2020.

Lakini kukodi hakumalizi hatari. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja wasiokuwa na nakala pahali pengine walipoteza data zao. Ndiyo maana, kabla ya kutia sahihi, inafaa kuuliza: nakala ya pili inawekwa wapi, na nani anailipia?

Swali la pili ni intaneti. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 2018, serikali ilikata intaneti nchini kwa karibu siku 20. Beni pia iliguswa, hata kama kura ya rais ilikuwa imeahirishwa huko. Kwa duka la Bungulu, programu inayoandika mauzo bila mtandao na kuyatuma baadaye ndiyo salama zaidi.

La tatu: malipo yakisimama, data zinabaki siku ngapi kabla ya kufutwa? Na je, mteja anaweza kuzitoa zote na kuhamia kwingine? Majibu yawe ndani ya mkataba, si kwa mdomo.

Tangu mwezi wa tatu 2023, Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali, inayolinda pia data za watu binafsi. Majina na namba za simu za wadeni zinahusika.

Na kwa bei ya flash disk moja, nakala ya kila juma inaweza kutunzwa nyumbani, mbali na duka.