Je, Wajua? Rangi Milioni 16 Ndani ya Kasha la Kompyuta
Je, wajua kwamba tepe za taa zinazopamba kasha la kompyuta huunda rangi zake zote kwa kuchanganya tatu tu, yaani nyekundu, kijani na buluu? Kila nukta ya utepe hubeba diodi tatu, ambazo ni vipande vidogo vinavyotoa mwanga umeme unapopita, na kwa kuwa mwangaza wa kila diodi kwa kawaida hupangwa katika viwango 256, michanganyiko inayowezekana hufikia 16,777,216.

Diodi ya buluu ndiyo iliyochelewa kupatikana, na wanasayansi waliofanikisha iliyo angavu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Tahadhari: utepe ambao kila nukta yake huongozwa peke yake kwa kawaida hutumia volti 5 na kiunganishi cha pini 3, ilhali ule unaobadilika rangi wote kwa pamoja hutumia volti 12 na pini 4, kwa hiyo utepe wa volti 5 ukiunganishwa kwenye volti 12 huweza kuungua papo hapo.