CHAKULA CHA MGONJWA ALIYEPASULIWA UTUMBO

Mgonjwa anapolazwa wadi ya upasuaji, iwe katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja au hospitali nyengine, jambo la mwanzo linalofikiriwa nyumbani ni chakula cha kumpelekea. Huruma hiyo ni ada njema ya watu wa Visiwani. Hata hivyo, kwa mtu aliyepasuliwa utumbo inaweza kuleta madhara ya namna mbili. Ya kwanza ni kumlisha pilau, nyama au supu nzito kabla utumbo haujawa tayari. Ya pili, ambayo haionekani upesi, ni kumwekea miko kwa wiki nyingi, akaishi kwa uji mtupu hadi mwili ukakosa nguvu ya kufunga kidonda. Inafaa wananchi wakaelewa njia iliyo baina ya mambo hayo mawili.

SABABU ZA KUHITAJI UANGALIFU

Utumbo hupasuliwa kwa sababu mbalimbali: kidole tumbo, ngiri iliyokaza, utumbo kujisokota au kuziba, tundu lililosababishwa na homa ya matumbo, saratani na majeraha ya ajali. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa kiasi cha mita 6, ndio unaonyonya sehemu kubwa ya lishe. Utumbo mpana, wa kiasi cha mita moja na nusu, hunyonya maji na chumvi. Baada ya kushikwa na kushonwa, utumbo hulala kwa muda, na chakula kingi kinachoingia wakati huo huleta tumbo kujaa na kutapika.

Zamani ilikuwa desturi ya hospitali nyingi duniani kumzuia mgonjwa kula mpaka atoe upepo. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, alianzisha utaratibu uliojumuisha kumwinua mgonjwa kitandani mapema na kumlisha mapema, na wagonjwa wake wakapata nafuu kwa muda mfupi zaidi. Utaratibu huo sasa unafuatwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo jamaa wasishangae mgonjwa mmoja akiruhusiwa kunywa siku ile ile ya upasuaji, na mwengine, ambaye utumbo wake ulitoboka, akizuiliwa kwa siku kadhaa na kutiwa maji ya mshipa. Mwenye kauli ni daktari aliyempasua. Kabla ya ruhusa yake mgonjwa asipewe kitu kwa siri, hata kijiko cha uji.

HATUA ZA KULA

Ruhusa ikishatolewa, kwa kawaida mgonjwa huanza na maji yaliyochemshwa, chai nyepesi na supu iliyochujwa isiyo na mafuta wala pilipili. Akivumilia, hupewa uji laini wa mchele au wa sembe, mtindi, na mbatata au boga lililopondwa. Baadaye huingia wali uliopikwa ukalainika, boflo, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, na samaki au kuku aliyechemshwa na kuondolewa miba, mifupa na ngozi.

Inashauriwa mgonjwa ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, badala ya sahani mbili kubwa. Atafune sana, na ale akiwa amekaa, si amelala.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni vyakula vya kujenga mwili. Mtu mzima aliyepasuliwa huhitaji protini ya kiasi cha gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku; mwenye kilo 60 huhitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja hutoa kiasi cha gramu 6, na gramu 100 za samaki hutoa karibu gramu 20. Ni dhahiri kwamba uji wa maji na sukari hautoshi. Familia isiyo na uwezo wa kununua kuku inaweza kutia yai au maziwa ndani ya uji, au kuchemsha samaki wadogo na kuwachambua miba vizuri.

VYAKULA VYA KUCHELEWESHA

Katika wiki za mwanzo, aghalabu nne hadi sita, madaktari wengi huagiza mgonjwa aepuke vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi au vigumu kusagika. Miongoni mwavyo ni mahindi ya kuchoma, karanga, korosho, kisamvu, nanasi, fenesi, embe la nyuzi, maganda ya matunda, pweza na ngisi. Maharage, kunde na mbaazi hujaza gesi; zirejeshwe taratibu na baada ya kupondwa. Pilipili, achari, bajia, urojo na vyakula vya jioni vya Forodhani vingoje mpaka mgonjwa apone.

Aidha, mgonjwa asitumie sanamaki, haluli wala dawa nyengine ya kuendesha bila ya idhini ya daktari, hata akikosa choo kwa siku kadhaa.

WENYE TUNDU LA CHOO TUMBONI

Baadhi ya wagonjwa hutolewa utumbo kwenye tundu tumboni na kuvaa mfuko wa kupokea choo. Tundu likiwa la utumbo mwembamba, maji na chumvi nyingi hupotea. Wengi hudhani kwamba dafu linatosha kuvirejesha. Dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni kidogo, na kunywa maji matupu mengi nako kunaweza kuzidisha upotevu. Wagonjwa hawa huhitaji maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya figo apate kwanza ushauri wa daktari.

MWEZI WA RAMADHANI

Mgonjwa anayo ruhusa ya dini kutofunga na kulipa baadaye. Asione haya kula mchana, wala jamaa wasimkemee. Kabla ya kurejea kufunga, hasa mwenye mfuko, amuone daktari wake.

DALILI ZA HATARI

Mgonjwa arejeshwe hospitali bila ya kuchelewa akionekana na mojawapo ya dalili hizi:

(a) tumbo kuvimba, kutapika, na kutopata choo wala upepo;
(b) homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua;
(c) kidonda kutoa usaha, maji machafu au kufunguka;
(d) damu katika choo;
(e) kiu kali, kizunguzungu na mkojo kuwa haba.

Watumishi wanaorejea kazini baada ya likizo ya ugonjwa wanashauriwa kuchukua chakula chao laini kutoka nyumbani, na wakuu wa sehemu za kazi wawape nafasi ya kula kidogo kidogo. Wapishi wa nyumbani nao wanakumbushwa kunawa mikono kwa sabuni na kuchemsha maji ya kunywa, kwani mwili uliotoka kupasuliwa hauna nguvu ya kupambana na maradhi ya kuharisha.